Iliad: Utenzi wa Fidia Zilizokataliwa

Kabla mkuki wowote haujarushwa katika Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki unaohusishwa na Homer kuhusu vita vya Troy, mzee mmoja anakuja kumkomboa binti yake na kufukuzwa. Chryses, kuhani wa mungu Apollo, anafika ufukweni zilikopandishwa merikebu za Wagiriki, fimbo ya dhahabu mkononi, na mali isiyo na kifani. Anaomba jambo moja tu: pokeeni fidia, mnirudishie mwanangu. Jeshi zima linapaza sauti kukubali. Anayekataa ni mmoja, Agamemnon, mkuu wao, naye anakataa kwa ufedhuli: binti atazeekea Argos, mbali na kwao, akifuma nguo na kulala kitandani mwangu, na wewe mzee nisikukute tena karibu na merikebu hizi. Mzee anaondoka kimya kando ya bahari inayovuma, na akishafika mbali anamlilia mungu wake. Tauni inaingia kambini, inaanza na nyumbu na mbwa, kisha inafika kwa watu. Siku 9 mishale ya Apollo inadondoka. Mwishowe binti anarudishwa bure, pasipo hata senti ya fidia, na juu yake ng'ombe 100 wa kafara.

Tumezoea kuambiwa kwamba Iliad ni utenzi wa hasira ya Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, na kweli neno lake la kwanza ni hasira. Wengine husema ni utenzi wa sifa za mashujaa. Sibishi, lakini naona wote wanalitazama jengo kwa upande wa barabarani. Ukiingia ndani ukaifuata mali, ukauliza kila mara nani anatoa fidia, nani anaikataa na kwa sababu gani, utaona mistari yake zaidi ya 15,600 imeshonwa kwa swali moja: mtu ana bei, na kama anayo, hulipwaje?

Swali hilo linafika kileleni mwanzo katika kitabu cha 9, yaani sehemu ya 9 ya utenzi. Achilles amesusa vita kwa sababu Agamemnon, baada ya kumpoteza binti wa kuhani, amemnyang'anya Briseis, mateka wake. Wagiriki wanapigwa, na Agamemnon anasalimu amri nusunusu. Anataja fidia yake mbele ya wazee: vyungu 7 vya miguu mitatu, talanta 10 za dhahabu, masufuria 20, farasi 12 wa mashindano, wanawake 7 wa Lesbos, Briseis mwenyewe, miji 7, na binti yake mmoja awe mke. Mshairi anaiita mali hiyo kwa maneno yaleyale aliyotumia kwa mali ya Chryses. Mkuu aliyemfukuza mzee sasa anashika nafasi ya mzee.

Ila hashiki kweli, na hapa ndipo wasomaji wengi wanapita haraka. Chryses alikuja mwenyewe. Agamemnon anatuma watu: Odysseus, Phoenix na Ajax. Tena anamalizia orodha yake kwa kauli ya kibosi: anitii, kwa kuwa mimi ni mfalme zaidi yake. Odysseus anapofika kwenye hema la Achilles anaikariri orodha karibu neno kwa neno, chungu kwa chungu, farasi kwa farasi, halafu ile kauli ya mwisho anaimeza. Mwanadiplomasia huyo! Haisaidii. Achilles ameshainusa, na anasema kwamba mtu yule, pamoja na ukosefu wake wote wa haya, hawezi kuthubutu kunitazama usoni.

Jibu lake refu ni kati ya hotuba nzito kuliko zote katika ushairi wa kale. Hata anipe mara 10, mara 20 ya alivyo navyo; hata anipe mali yote inayoingia Thebes ya Misri, mji wenye milango 100; hata zawadi ziwe nyingi kama mchanga na vumbi. Ng'ombe na kondoo hutekwa, vyungu na farasi hupatikana, lakini uhai wa mtu ukishavuka ukuta wa meno haurudi, hautekwi wala haununuliwi. Mwanajeshi aliyeishi kwa kupora anagundua kwamba kuna kitu kimoja ambacho uporaji hauwezi kukifidia, nacho ni kile anachokihatarisha kila siku.

Ajax ndiye anayemjibu vizuri, naye ni mtu asiyejua kupamba maneno. Anasema, kwa mkato: watu hupokea dia kwa ndugu aliyeuawa, hupokea hata kwa mtoto wao. Muuaji analipa, anabaki katika nchi yake, na moyo wa aliyefiwa unatulia. Wewe umeshindwa kutulia kwa ajili ya msichana mmoja, na tunakupa 7? Hoja hiyo ina ukatili wake, lakini ni hoja ya mtu anayejua jamii inaishije baada ya damu kumwagika. Bila dia, kila kifo kinazaa kingine. Achilles anakiri kwamba Ajax amesema kama yanayotoka moyoni mwake mwenyewe, kisha anakataa vilevile.

Huko uwanjani, kabla na baada ya ujumbe huo, fidia zinakataliwa kwa mkuki. Adrastus wa Troy, farasi wake wakiwa wamekwama kichakani na gari limevunjika, anamshika Menelaus, ndugu yake Agamemnon, magoti: nichukue hai, mwana wa Atreus, upokee fidia inayostahili, nyumbani kwa baba mna shaba na dhahabu na chuma kilichofuliwa kwa taabu. Menelaus analegea. Agamemnon anakuja mbio kumkemea: asisalimike hata mmoja, hata mtoto wa kiume aliyemo tumboni mwa mama yake. Katika kitabu cha 10 jasusi Dolon wa Troy anaahidi shaba, dhahabu na chuma kilekile. Diomedes wa Wagiriki anamkata shingo akiwa bado anasema. Katika kitabu cha 11 vijana wawili wa Antimachus wanaomba kwa mistari hiyohiyo juu ya gari lao, na Agamemnon anamsukuma mmoja chini kwa mkuki, kisha mwingine anamkata mikono na kichwa. Baba yao, tunaambiwa, ndiye aliyekula dhahabu ya Paris ili apinge Helen, mke wa Menelaus aliyechukuliwa na Paris, kurudishwa. Dhahabu iliyozuia amani haikuweza kuwanunua watoto.

Mtu atasema: hiyo mistari inayojirudia ni mtindo tu. Milman Parry, Mmarekani aliyekwenda Yugoslavia kati ya 1933 na 1935 kuwarekodi waimbaji wa tenzi za mdomo, alionyesha jinsi msanii anayetunga papo hapo anavyohitaji maneno yaliyokwisha kuundwa, na kwamba Homer ametoka katika ufundi wa namna hiyo. Nakubali. Lakini aliyezoea kusikiliza tenzi zikighaniwa anajua kwamba kirudiwacho ndicho sikio linachokishika. Msikilizaji akisikia kwa mara ya tatu "shaba na dhahabu na chuma" anajua huyu naye atakufa. Marudio yanamjengea matarajio, na mshairi anayajua vizuri kiasi cha kuyatumia dhidi yake baadaye.

Tena Iliad inatukumbusha kwamba haikuwa hivi siku zote. Andromache anamsimulia mumewe Hector, shujaa mkuu wa Troy, jinsi Achilles alivyouteka mji wa kwao: alimuua baba yake, lakini hakumvua deraya, alimchoma nayo kwa heshima na kumfanyia kaburi, mama yake alimteka na kumwachilia kwa fidia. Wana wawili wa Priam, mfalme wa Troy, aliwakamata milimani wakichunga kondoo, akawaachilia kwa malipo. Kabla ya utenzi kuanza, mtu aliyekuwa akipokea fidia kuliko wote ni Achilles. Kwa hiyo tunachokitazama si ushenzi wa kale kama wengine wanavyopenda kudhani. Tunaona desturi inavunjika mbele ya macho yetu, mikononi mwa mtu aliyeijua kuliko wengine.

Inavunjika kabisa katika kitabu cha 21, baada ya Hector kumuua Patroclus, rafiki mpenzi wa Achilles, na Achilles kurudi vitani, kwa kijana anayeitwa Lycaon. Ningetakiwa kuchagua mistari 100 tu ya Iliad, ningechukua hii na kuacha mapigano yote.

Lycaon ni mtoto wa Priam. Siku za nyuma Achilles alimvizia usiku katika shamba la baba yake, akikata matawi machanga ya mtini mwitu atengenezee kingo za gari. Alimuuza kisiwani Lemnos kwa thamani ya ng'ombe 100. Rafiki wa familia akamkomboa kwa mara 3 ya hiyo, akatorokea nyumbani, akakaa na ndugu zake siku 11. Siku ya 12 anatoka mtoni bila kofia ya chuma wala ngao, amechoka, na anayemkuta ni yuleyule. Achilles anashangaa kwa kejeli: kumbe niliowaua nao watafufuka, kama huyu aliyeuzwa ng'ambo amerudi. Mkuki unarushwa, Lycaon anainama chini yake na kumkimbilia. Mkono mmoja unashika magoti, mwingine unaukamata mkuki uliochomeka ardhini.

Anaomba kila linaloombeka. Nilikula chakula chako, ulikuwa wa kwanza kunilisha siku uliyonikamata. Uliponiuza nilikuletea ng'ombe 100. Na mwishoni, kwa kukata tamaa: usiniue, sikutoka tumbo moja na Hector aliyemuua rafiki yako. Achilles anajibu: "Mjinga wewe, usinitajie fidia. Kabla Patroclus hajafikwa na siku yake, nilipenda kuwahurumia watu wa Troy. Wengi niliwakamata hai nikawauza. Sasa hakuna atakayepona. Basi rafiki, kufa na wewe. Mbona unalia hivyo? Patroclus naye kafa, na alikuwa bora kuliko wewe." Kisha anasema kwamba hata yeye, mzuri na mkubwa hivi, mtoto wa mungu wa kike, ipo asubuhi au mchana au jioni atakapouawa. Lycaon anauachia mkuki, anakaa chini, ananyoosha mikono yote miwili. Maiti inatupwa mtoni iliwe na samaki.

Hadithi yake ingeishia hapo kwa mshairi wa kawaida. Huyu anairudisha vitabu 2 mbele, kwenye michezo ya mazishi ya Patroclus. Zawadi ya kwanza ya mbio za miguu ni bakuli la fedha la kuchanganyia divai, lenye ujazo wa vipimo 6, kazi ya mafundi wa Sidon, zuri kuliko yote duniani. Wafoinike walilivusha bahari, likaishia Lemnos, na mfalme wa huko akampa Patroclus liwe malipo ya Lycaon. Ndivyo tunavyoambiwa, mistari michache, bila neno la kuomboleza. Bei ya kijana inang'aa mbele ya umati. Kijana mwenyewe yuko mtoni. Patroclus aliyepokea bei ni majivu. Odysseus analishinda bakuli, baada ya Ajax mwingine, aitwaye mdogo, kuteleza kwenye kinyesi cha ng'ombe na kuinuka mdomo umejaa. Kila mtu anacheka. Sijui mahali pengine katika fasihi ambapo kitu kimoja cha mezani kimebeba aibu ya vita nzima kwa utulivu kama huo.

Michezo hiyohiyo inatupa bei nyingine. Kwenye mieleka mshindi anapewa chungu cha miguu mitatu kilichokadiriwa kuwa na thamani ya ng'ombe 12. Anayeshindwa anapewa mwanamke mwenye kujua kazi nyingi, thamani yake ng'ombe 4. Hana jina. Na hapo ndipo lazima tumrudie Briseis, kwa sababu hoja ya fidia ina pande zake zenye giza. Binti wa Chryses alikuwa na baba wa kuja kumdai. Briseis anapoililia maiti ya Patroclus anasema mumewe na kaka zake 3 waliuawa siku moja, mji wao ulipotekwa na Achilles. Nani angemkomboa? Anayempenda ndiye aliyewamaliza waliokuwa na haki ya kumlipia. Utenzi unajua jambo hili, unampa nafasi ya kulisema, kisha unaendelea na mambo ya wanaume.

Kwenye ngao mpya ambayo mungu Hephaestus anamfulia Achilles, katika kitabu cha 18, kuna mji wenye amani, na katikati ya mji huo kuna kesi. Watu wamejazana sokoni. Wawili wanashindania dia ya mtu aliyeuawa: mmoja anatangaza kwamba anailipa yote, mwingine anakataa kupokea chochote. Wazee wamekaa kwenye mawe yaliyong'arishwa, wanasimama mmojammoja kutoa hukumu, na talanta 2 za dhahabu zimewekwa chini kwa atakayeamua kwa haki. Hukumu haitajwi. Wasomi wamezigombania aya hizi kwa muda mrefu, kama ubishi ni juu ya malipo kufanyika au juu ya haki ya kuyakataa. Mimi naona la pili. Maana mtu anayekwenda kuibeba ngao hiyo vitani ndiye anayekataa, na kesi yake bado iko barazani.

Anatoka nayo, na anaikusanya dia kwa namna yake. Vijana 12 wa Troy anawakamata hai mtoni, anawafunga kwa mikanda ya nguo zao wenyewe, wawe malipo ya Patroclus. Atawachinja kwenye moto wa maziko, na mshairi anatamka wazi kwamba kitendo hicho kilikuwa kiovu. Hector akiwa anakufa anamsihi aurudishe mwili wake kwa wazazi, wapokee shaba na dhahabu. Jibu: hata waniletee mara 10, mara 20, hata Priam anipimie dhahabu kwa uzito wako. Ni hesabu ileile aliyompa Agamemnon.

Sasa tazama Priam anapakia nini kwenye gari la nyumbu katika kitabu cha 24. Mavazi 12 mazuri, majoho 12, mazulia 12, mashuka 12, kanzu 12, talanta 10 za dhahabu, vyungu 2 vya miguu mitatu, masufuria 4, na kikombe kimoja kizuri cha Thrace. Linganisha na orodha ya Agamemnon. Dhahabu ni ileile, talanta 10, sawasawa na aliyoikataa. Vyungu ni vichache, masufuria ni machache, farasi hakuna, miji hakuna. Achilles aliyesema hata mara 20 haitoshi anapokea pungufu.

Wengine watasema aliamriwa. Ni kweli, Zeus, mkuu wa miungu, amemtuma mama yake Achilles, Thetis, kumwambia akubali. Lakini amri ya Zeus inahusu kupokea mali na kutoa maiti. Haisemi chochote kuhusu yanayotokea ndani ya hema. Priam anaingia peke yake, anashika magoti, anaibusu mikono iliyomuulia wana wengi, na anasema: mkumbuke baba yako, mzee kama mimi. Lycaon aliomba kwa kuukana undugu, "sikutoka tumbo moja na Hector". Priam anaomba kwa kuutafuta undugu pale ambapo haupo. Na Agamemnon hakuja kabisa. Kwa macho yangu, tofauti zote za bei katika utenzi huu zinaishia hapo: fidia iliyotumwa ni mzigo tu, na fidia iliyobebwa na mtu anayejua kuinama inaweza kupokelewa, ikiwa tu mpokeaji naye ana mzee wake wa kumlilia. Wanalia pamoja, mmoja kwa Hector, mwingine kwa baba yake na kwa Patroclus.

Sitaki kuipaka sukari. Baada ya dakika chache Priam anaharakisha, anataka mwili mara moja, na Achilles anamkazia macho: usinichokoze, mzee, nisije nikakuua humu ndani. Anaamuru maiti ioshwe mbali, Priam asije akaiona, akalipuka, na yeye naye akalipuka. Huruma yake ina kuta nyembamba, na anazijua. Lakini katika mali ileile anaacha mashuka 2 na kanzu 1 za kumsitiria Hector, anamnyanyua mwenyewe na kumlaza, na anamwomba Patroclus msamaha kwa sauti: usinikasirikie, fidia si haba, na fungu lako utalipata. Kisha anamlazimisha mgeni ale. Na mwisho anauliza swali ambalo halimo katika malipo yoyote: mnahitaji siku ngapi za kumzika? Priam anasema 11, ya 12 tutapigana, kama ni lazima. Achilles anazitoa bure.

Ndiyo maana huwa naona ugumu kuipenda Odyssey, utenzi mwingine unaohusishwa na Homer, kuhusu Odysseus akirudi kwake baada ya vita, kwa kiwango hichohicho, ingawa ni rahisi zaidi kusoma na ina safari tamu. Swali lilelile limo. Katika kitabu cha 22, Odysseus anawaua vijana waliokuwa wakimposa mkewe na kula mali yake; Antinous, kinara wao, akiwa ameshauawa, mwenzake Eurymachus anawaombea waliobaki: kila mmoja wetu atakulipa thamani ya ng'ombe 20, na shaba na dhahabu mpaka moyo wako utulie. Odysseus anajibu kama Achilles wa kitabu cha 9, hata mngenipa mali yote ya baba zenu, na upinde unaendelea na kazi. Anayeponea chupuchupu, kati ya wachache sana, ni Phemius mwimbaji, washairi hawajisahau. Siku ya pili ndugu wa waliouawa wanakuja na silaha, Eupeithes, baba wa Antinous, anauawa kwa mkuki wa mzee Laertes, baba wa Odysseus, na kabla damu haijazidi Zeus anatupa radi na mungu wa kike Athena anawaamuru waache. Zeus ameshapanga: tuwasahaulishe mauaji ya watoto na ndugu zao. Hakuna dia iliyolipwa, hakuna aliyemshika mwenzake magoti akasikilizwa na kula naye. Baba wa vijana zaidi ya 100 wanafutwa kumbukumbu kwa agizo la mbinguni ili mwenye nyumba alale. Kwa mshairi aliyerithi hema la Achilles, hiyo ni njia ya mkato.